Mafuta Gani?

Kila siku baada ya swala ya alasiri, Shifa alirudi kutoka madrasa, akavua viatu mlangoni, akanywa maji na kuketi barazani pamoja na mjomba wake, Hussam. Nyumba yao ilikuwa Kibokoni, katika Mji wa Kale, kwenye kichochoro chembamba ambacho mtu akipiga chafya, jirani wa upande wa pili humwombea rehema. Ndani, mamake Shifa, Bi Nasiha, alishona mabuibui ya kuuza. Nje, mjomba alikuwa amefungua cherehani ya mtu, vyuma vimetandazwa juu ya gazeti.

Shifa alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kazi yake saa hiyo haikuwa kushona wala kutengeneza. Kazi yake ilikuwa kuandika.

Mjomba Hussam alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani katika kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kile kilipofungwa. Baada ya hapo alizunguka Biashara Street kuuliza kazi, lakini kila duka lilikuwa na fundi wake wa tangu zamani. Shifa ndiye aliyemwambia, "Mjomba, tatizo lako watu hawakujui. Tufungue blogu. Wewe utasema, mimi nitaandika na kupiga picha. Mtu akisoma akaona wewe wajua, atakupigia simu."

"Niwape watu ujuzi wangu bure, halafu waniite wa nini?" mjomba aliuliza huku akicheka.

"Mwalimu wetu wa kompyuta asema ndivyo watu wapatavyo kazi siku hizi. Atakayeweza kutengeneza mwenyewe atatengeneza, na atakusifu. Atakayeshindwa atakuita."

Bi Nasiha hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Simu iliyotumika ilikuwa yake, na kila ilipolia moyo wake ulishtuka. "Sitaki sura yako mle ndani," alimwambia Shifa. "Sitaki jina la skuli yako wala mtaa wetu. Dunia imejaa watu wabaya, na simu ndiyo pazia lao. Na namba mtakayoweka iwe yangu. Anayemtaka fundi anipate mimi kwanza nimsikie sauti."

Shifa alikubali. Basi wakaanza. Waliandika kwa nini uzi hukatikakatika, jinsi ya kujua sindano imewekwa kinyume, na namna ya kukaza mkanda uliolegea. Simu zikaanza kuja, moja leo, nyingine wiki ijayo. Zilikuwa kazi za hapa na pale, hazikutosha. Rafiki wa mjomba alikuwa amemtafutia kazi ya kulinda ghala huko Uarabuni, na mjomba alisema wazi kwamba kama mwezi utakwisha bila kazi ya kudumu, ataondoka. Babake Shifa alifanya kazi melini na alionekana nyumbani kwa nadra. Nyumba isiyo na baba na isiyo na mjomba, Shifa hakutaka hata kuifikiria.

Siku moja ukaja ujumbe kutoka kwa mwanamke aitwaye Bi Priscah, mkuu wa chuo kidogo cha ushonaji huko Bondeni. "Nimesoma makala zenu mbili na zimenifaa," aliandika. "Chuo chetu kina cherehani nyingi na kinatafuta fundi wa kuzishughulikia kila mwezi. Jumamosi asubuhi nitaonana na fundi wenu hapa chuoni. Kabla ya hapo nitasoma makala zilizobaki."

Shifa aliruka mpaka mtandio wake ukafunguka. Mjomba alisema tu, "Insha'Allah," lakini alikwenda akanyoa ndevu.

Jioni ile Shifa alifungua blogu ili ahakikishe kila kitu kiko sawa. Chini ya makala ya kutia mafuta alikuta maoni mapya. "Nimefanya kama mlivyoandika. Cherehani yangu imekwama, gurudumu halizunguki kabisa. Nina sare za watoto za kushona. Nisaidieni. Mimi Mama Kalama, Majengo."

Shifa akaisoma upya makala yake. Aliandika: "Tia mafuta katika kila tundu, kisha zungusha gurudumu polepole." Basi. Akakumbuka siku ile barazani. Mjomba alikuwa ameeleza kwa urefu kwamba ni mafuta ya cherehani peke yake, yale mepesi yasiyo na rangi, si ya nazi wala ya kupikia, kwa sababu hayo huganda yakishikana na vumbi la kitambaa. Shifa alikuwa na haraka siku hiyo, rafiki zake walikuwa wakimngoja. Aliona maneno ni mengi, akayakata. Alijiambia kila mtu anajua mafuta ni mafuta gani.

Na sasa Bi Priscah alikuwa karibu kuyasoma maoni yale. Kidole cha Shifa kikabonyeza mahali pa kufuta. Maoni yakatoweka. Halafu akaongeza maneno "ya cherehani" baada ya neno mafuta, na makala ikawa safi, kana kwamba ndivyo ilivyozaliwa.

Kesho yake alikuta maoni mengine. "Mbona mmenifuta? Mimi si mwizi." Akayafuta na hayo, akafunga sehemu yote ya maoni. Alijiambia kwamba Jumamosi ikipita atamtafuta yule mama.

Jumamosi asubuhi mjomba alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, chai iko mezani pamoja na mahamri, simu ikalia. Bi Nasiha aliipokea, akaiweka kwenye kipaza sauti kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga.

"Masalkheri... aa, sabalkheri mama," ilisema sauti ya mwanamke aliyechoka. "Naitwa Mama Kalama. Namba nimeitoa kwenye blogu yenu. Nilitia mafuta kama mlivyosema, cherehani ikafa. Nikaandika, mkanifuta. Nikaandika tena, mkanifuta tena."

"Subiri kidogo mama yangu," alisema Bi Nasiha. Alijifuta mikono, akafungua makala, akaisoma kwa kidole neno baada ya neno. "Umetia mafuta gani?"

"Ya nazi. Ndiyo niliyonayo. Mliandika mafuta tu."

"Hapana mama, hapa pameandikwa mafuta ya cherehani. Nayaona kwa macho yangu. Hebu soma vizuri."

 Sauti ya upande wa pili ikarudi, ndogo kuliko mwanzo. "Basi huenda ni mimi. Sikusoma sana, mama. Niwie radhi. Nimewasumbua bure."

Shifa alikuwa na hamri mkononi. Hakuna aliyemtazama, hakuna aliyemshuku. Kama angenyamaza, simu ingekatwa na mambo yangeisha.

"Mama, usikate," alimwambia mamake. "Hakukosea yeye. Nilibadilisha mimi. Yeye aliposoma hapakuwa na 'ya cherehani'. Na mimi ndiye niliyemfuta."

Bi Nasiha alimtazama bintiye kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Mjomba Hussam aliweka kikombe chini.

"Mimi nilikwambia mafuta gani?" aliuliza.

"Ya cherehani. Ukasema si ya nazi. Nikakata."

"Kwa nini ulimfuta mwenzio?"

"Bi Priscah angeona. Na wewe ungekwenda Uarabuni."

Mjomba aliinuka. Aliinama kwenye simu. "Mama Kalama, mimi ndiye fundi. Kosa ni letu. Tunakuja sasa hivi, usiiguse hiyo cherehani." Kisha akaanza kutia vifaa vyake kwenye kikapu.

"Na Bi Priscah?" aliuliza Shifa.

"Mpigie wewe. Mwambie ilivyokuwa, usipunguze wala usipambe."

Shifa alipiga. Aliyasema yote. Bi Priscah alisikiliza mpaka mwisho.

"Binti, mimi siku yangu nimeipanga," alisema. "Mchana nina fundi mwingine wa kuonana naye. Siwezi kungoja watu."

"Ndiyo, bibi."

"Huyo mama ana namba? Nipe."

Shifa akampa, na simu ikakatika.

Mama Kalama alishonea kwenye veranda ya nyumba ya udongo na mabati huko Majengo. Sare za buluu zilikuwa zimelundikana kwenye kiti, nyingine bila mikono. Alimtazama mjomba, kisha akamtazama Shifa kutoka kichwani hadi miguuni.

"Wewe ndiye mfutaji?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Nikadhani ni jibaba zima, kumbe ni wewe, mkono mdogo hivi! Haya, iangalieni. Mlisema mafuta, mimi nikatia kila asubuhi, nikaongeza na jioni ili ifurahi. Imenukia kama kichwa cha bibi harusi, lakini haiendi."

Hata mjomba alishindwa kujizuia kucheka. Alifungua cherehani, na kweli ndani mlikuwa na utando wa mafuta yaliyoshikana na nyuzi na vumbi, mzito kama halua. Alimpa Shifa kitambaa na mafuta ya taa kidogo, akamwonyesha mahali pa kufuta. Shifa alisugua chuma kimoja baada ya kingine, mpaka kucha zake zikawa nyeusi. Mama Kalama alisimama pembeni akiuliza kila kitu, na mjomba alimjibu. Mwisho mjomba alitia matone ya mafuta ya cherehani, akamwachia chupa.

Mama Kalama aliketi, akaweka sare chini ya sindano. Kabla hajakanyaga, simu yake ikalia.

"Naam, ndiye mimi... Eeh, wako hapa hapa. Mtoto wao alinifuta, tena si mara moja! Na sare zangu wamenichelewesha, mwenye sare amenitukana mpaka basi... Cherehani? Ngoja usikie mwenyewe." Akaiweka simu karibu na gurudumu, akakanyaga. Cherehani ikaenda mbio, laini, bila kukwama, kutoka bega la sare hadi chini. "Umesikia? ... Fundi, huyu mama wa chuo asema uende Jumatatu. Asema akuanzishe na cherehani chache, akuone."

Mjomba alishukuru Mungu. Shifa aligeuka upande, akajifanya anakunja kitambaa.

Walipofika nyumbani, Shifa aliifungua ile makala na kuandika juu kabisa, kabla ya kitu kingine chochote: "Makala hii iliandikwa vibaya. Haikusema mafuta gani. Msomaji wetu wa Majengo aliifuata, cherehani yake ikakwama. Alipotuambia, nilifuta maneno yake. Kosa lilikuwa langu, si la fundi." Alimpa mamake asome. Bi Nasiha alisoma polepole, akasoma tena, kisha akamkalisha karibu yake.

"Tangu mfungue jambo hili mimi silali vizuri," alisema. "Nachunga watu wasikudhuru wewe. Sikuwaza hata siku moja kwamba wewe, umekaa hapa barazani miguu mitupu, waweza kumharibia kazi mtu wa Majengo usiyemjua. Mwanangu, ukiandika 'fanya hivi', yuko mtu atakayefanya, kwa mikono yake na kwa chombo kinachomlisha. Hawezi kukuuliza ulikusudia nini. Basi andika kamili hata kama wenzako wakungoja. Na akirudi kukwambia umekosea, huyo amekufanyia hisani, usimzibe mdomo. Kufuta maneno yake hakukuifanya cherehani yake izunguke."

"Nimesikia, mama."

"Yule mama aliniomba radhi mimi. Mimi! Na kosa likiwa humu ndani mwangu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote."

Shifa akaichukua simu, akafungua tena sehemu ya maoni.