Kengele Isiyo na Faini

Gaudensia ana miaka sabini na nane. Anaishi peke yake kwenye kijiji kimoja, nje kidogo ya mji wa Butiama. "Peke yake" ni maneno ya watu. Mwenyewe anasema ana ng'ombe wawili, kuku tisa, na kaburi la mumewe kando ya mihogo. Asubuhi anakamua, anachemsha chai, halafu anawagombeza kuku kwa majina yao. Ndiyo, kuku wana majina.

Binti yake, Wankyo, anauza vitenge Nyasho, mjini Musoma. Mwanawe wa kiume, Dennis, ni fundi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huko Bunda. Wote wawili wanampenda sana mama yao. Tatizo ni kwamba wanampenda kwa simu.

"Mama, umeamkaje?" Wankyo anauliza kila asubuhi.

"Nimeamka. Ningekuwa sijaamka, ningepokeaje simu?"

Lakini magoti ya Gaudensia yamechoka. Mwaka jana aliteleza mara mbili. Wankyo alikosa usingizi kwa ajili hiyo. Akaenda duka la vifaa vya michezo, akanunua filimbi, akaifunga kamba, akampelekea mama yake.

"Mama, ivae shingoni. Ukianguka, puliza. Majirani watakuja."

Gaudensia aliigeuzageuza mkononi. "Mwanangu, filimbi huku ni ya ng'ombe."

"Filimbi ni filimbi, mama. Wewe vaa tu."

Sasa nikueleze wewe usiyetoka kwetu. Huku kwetu filimbi si mchezo. Ikilia, maana yake ng'ombe wa mtu wameibwa. Kila mwanaume anaacha alichoshika na kukimbia. Hakimbilii nyumbani kwa aliyepuliza. Anakimbilia njia za kutokea, ili kuwakata wezi mbele. Asiyetoka anatozwa faini. Anayepuliza bure, naye anatozwa faini. Wankyo alizaliwa hukuhuku na anayajua yote haya. Lakini miaka ishirini ya kukaa Nyasho imemsahaulisha.

Alhamisi moja, saa nane mchana, Gaudensia aliteleza jikoni. Jiko lake liko nyuma ya nyumba. Aliangukia nyonga. Alijaribu kuinuka, mguu ukakataa. Simu ilikuwa chumbani, kwenye chaji. Filimbi ilikuwa shingoni, na hakuipuliza.

"Nitatozwa mbuzi," aliwaza. "Nizeeke hivi, halafu niitwe mwongo?"

Alikaa sakafuni saa nzima. Kiu ikamshika. Akakaa saa nyingine. Maumivu yalipozidi, akasema, "Liwalo na liwe." Akapuliza kwa nguvu zake zote.

Loo! Wanaume wa kijiji kizima walitoka. Mbele yao alikimbia Keraryo, jirani wa karibu kabisa, ambaye ndiye kiongozi wa kufuatilia mifugo inayoibwa. Gaudensia alisikia vishindo vya miguu vikipita nyuma ya jiko.

"Keraryo! Niko hapa!" aliita.

"Mama, jifungie ndani!" Keraryo alijibu huku anakimbia. "Usitoke mpaka turudi!"

Wakapita. Wakaenda hadi mtoni, wakaziba njia zote, wakatafuta nyayo za ng'ombe. Hawakuona kitu. Wangeonaje? Ng'ombe wa Gaudensia walikuwa zizini wanacheua.

Cheka kidogo, nakuruhusu. Mimi pia nilicheka niliposimuliwa. Lakini mama wa watu alikuwa bado sakafuni, analia. Jua lilipokuwa linashuka, Rhobi, mke wa Keraryo, alikwenda kwa Gaudensia kuchukua maziwa. Ndiye aliyemkuta.

Mungu ni mwema, nyonga haikuvunjika. Hata hivyo, Gaudensia alilala kituo cha afya siku nne. Aliporudi nyumbani, watoto wake wote wawili walikuwa wanamsubiri.

"Mama, unahamia Nyasho," Wankyo alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimeshaamua."

"Umeamua na nani?"

"Mama, ulikaa chini saa nne! Ungekufa!"

"Nyasho nitafanya nini? Nikae kwenye kochi niangalie ukuta? Mgeni siku mbili, mwanangu, siku ya tatu anapewa jembe. Na wewe hapo Nyasho hata jembe la kunipa huna."

Wankyo hakucheka. Alianza kukunja nguo za mama yake. Gaudensia alizishika, naye akazivuta. Walivutana hivyo, mama na binti, wote wanalia.

"Ngojeni!" alisema Dennis. Alitoa simu yake akawaonyesha tangazo. "Nimepata saa ya mkononi. Mzee akianguka, inaita kituo cha msaada, wanakuja. Bei yake ni kubwa, lakini nitauza pikipiki."

Wakati huo aliingia Eufrasia. Yeye ni mhudumu wa afya wa jamii hapo kijijini. Alikuja kumwangalia mgonjwa wake. Alimsalimia mama kwanza, akampima presha, ndipo akaiangalia ile saa kwenye simu ya Dennis.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini kaka, kituo chenyewe kiko wapi?"

Dennis alisoma tangazo juu mpaka chini. "Hawajaandika."

"Inachajiwa mara ngapi?"

"Kila siku. Na kila mwezi unalipia. Halafu inataka intaneti."

"Intaneti!" alisema Gaudensia. "Hapa hata kuongea na nyie, siku nyingine nasimamaga kwenye kichuguu."

Eufrasia alicheka. "Fimbo ya mbali haiui nyoka, kaka. Usiuze pikipiki yako. Kabla ya kununua chombo chochote, jiulizeni kwanza: kikilia, nani atakuja? Atafika baada ya muda gani? Anajua akifika afanye nini?"

"Filimbi ililia, na watu walikuja," alisema Wankyo kwa uchungu.

"Walikuja kufuata ng'ombe, dada. Sauti ile tayari ina kazi yake. Mama anahitaji sauti yake mwenyewe, ambayo ikilia, kila mtu anajua ni yeye."

"Tutaipata wapi?"

"Hapo Musoma mjini, kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Kuna kengele za mlangoni zisizo na waya. Unapata vitu viwili. Kimoja ni kitufe kidogo cha kubonyeza. Kingine ni kengele yenyewe. Kitufe anavaa mama shingoni. Kengele tunaiweka kwa Rhobi. Bei yake haizidi jogoo wawili, na hulipii chochote kila mwezi."

Dennis alikunja uso. Ni fundi, hakubali kitu upesi. "Umeme ukikatika?"

"Chukueni inayotumia betri pande zote mbili. Na kitufe kiwe kile kisichoharibika kwa maji, maana watu wengi wanaangukaga bafuni. Asikivue hata anapooga."

Kesho yake Wankyo alikwenda Musoma, akarudi na kengele. Kila mtu alidhani kazi imekwisha. Eufrasia akasema bado, lazima ijaribiwe. Rhobi aliiweka kengele chumbani kwake, Dennis akasimama hapo kusikiliza. Wankyo alivaa kitufe, akazunguka boma lote. Akabonyeza jikoni. Ikalia. Akabonyeza chooni. Ikalia. Akabonyeza zizini. Kimya.

"Zizini ndiko anakoshinda!" Wankyo alipiga kelele.

Dennis alifikiri kidogo. "Kuta ni nyingi huku chumbani," alisema. Aliihamishia kengele sebuleni, juu ya kabati, karibu na dirisha linalotazama kwa mama. Wankyo akabonyeza tena zizini. Ikalia mpaka mtoto wa Rhobi akaamka.

Kisimani haikulia kabisa, maana ni mbali. "Huko mtandao upo, atakwenda na kitochi chake," alisema Eufrasia. Kitochi ni ile simu ndogo ya mabatani. Dennis aliweka namba za Rhobi, za Eufrasia na za Wankyo. Sasa mama akikandamiza namba mbili kwa muda, simu inampigia Rhobi yenyewe. Wakaishonea mfuko wenye kamba, ili isibaki tena chumbani.

Lakini Gaudensia alikishika kitufe kwa ncha za vidole tu. Eufrasia aliona.

"Mama, kuna nini?"

"Na nikibonyeza, halafu ikawa si kitu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Nisumbue watu bure?"

Keraryo alikuwa amesimama mlangoni. Tangu siku ile ya filimbi hakuwa amemtazama mama huyu usoni. Aliingia, akavua kofia, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, nisamehe. Uliniita, na nilikusikia. Nikakupita." Akakigusa kile kitufe. "Kengele hii haina faini. Bonyeza hata kama umeteleza kidogo tu. Bonyeza hata ukikosea. Jumapili nitawatangazia watu wote."

"Hata nikikosea?"

"Ukikosea, tutakunywa chai yako na kurudi."

Gaudensia alimpiga kofi dogo begani. "Mjinga wewe. 'Jifungie ndani!' Ningefungaje na mguu haunyanyuki?" Wakacheka wote, Keraryo akifuta macho.

Eufrasia aliwafundisha pia la kufanya wakifika. "Msimvute mkono. Muulizeni kwanza anaumia wapi. Kama hawezi kusogeza mguu, au amegonga kichwa, msimnyanyue. Mfunikeni, mnipigie simu. Na kila Jumapili mama abonyeze mara moja, tujue betri ni nzima."

Wankyo alimkumbatia mama yake kabla ya kuondoka. Lakini alisema neno moja. "Mama, nakubali ubaki. Ila ukianguka tena na kukaa chini bila mtu kujua, nakuja kukuchukua. Usinibishie."

"Sawa," alisema Gaudensia. Safari hii hakubisha.

Miezi mitatu ilipita. Kila Jumapili baada ya kanisa kengele ililia, na Rhobi alikuja kunywa chai. Kisha, Jumanne moja asubuhi, ililia Rhobi akiwa anafua.

"Jumanne?" alijiuliza. Hakumaliza hata kujiuliza. Alikimbia na povu mikononi, kiatu mguu mmoja.

Gaudensia alikuwa amekaa chini zizini, ameegemea nguzo. Kichwa kilikuwa kinazunguka na macho hayaoni vizuri. Ndoo ya maziwa ilikuwa imemwagika.

"Umegonga kichwa, mama? Unaumia wapi?"

"Siumii. Dunia tu ndiyo inazunguka."

Rhobi hakumvuta. Alimshikilia asianguke, akampigia Eufrasia. Eufrasia alikuja na kipimo. Presha ilikuwa imepanda sana. Keraryo akaleta bajaji mpaka mlangoni, akampakia kama anabeba mayai. Daktari wa kituo cha afya alimpa dawa, akamlaza mpaka kesho yake. Aliwaambia kwamba wamemwahi. Wangechelewa, angeweza kupooza.

Ikajulikana pia kwamba mama alikuwa anaruka siku za dawa zake za presha. Anasema zinamnyima usingizi. Eufrasia alimgombeza mbele ya watu, naye akainamisha kichwa kama mtoto wa shule.

Wankyo alifika nyumbani siku ileile mama aliporuhusiwa. Alikuja na begi kubwa, tupu. Alimkuta mama yake amekaa barazani, anakunywa uji wa ulezi na kumsema Rhobi kwamba amefunga ndama vibaya.

Wankyo hakumsalimia hata. "Ulikaa chini muda gani, mama?"

"Muulize Rhobi."

"Sijui," alisema Rhobi. "Nilipofika, maziwa yalikuwa bado yanatiririka."

Wankyo alisimama pale na begi lake. Alimtazama Rhobi, ambaye mguu mmoja ulikuwa na plasta kwa kukanyaga mwiba siku ile ya kukimbia bila kiatu. Alitazama kitufe kifuani kwa mama yake. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Gaudensia aliweka kikombe chini. Na yeye alikuwa ameliona lile begi.

"Mwanangu," alisema, "umekuja kunichukua au kunisalimia?"

Wankyo alivuta kigoda, akakaa karibu kabisa na miguu ya mama yake.

"Nimekuja kukusalimia, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Chukua kikombe, uji upo."