Marashi ya Fermín Yageuka Meupe

Katika mji wetu hapakuwa na mwanamke aliyekata mikia ya vitunguu saumu kwa kasi kama mimi, Casilda. Nasema kweli. Walionishinda ni dada zangu wote, mama mkwe wangu, na mzee mmoja asiyeona vizuri, lakini huyo alikuwa mwanamume, kwa hiyo hahesabiwi. Sasa mikono yangu imechoka, na mdomo ndio uliobaki na nguvu. Basi nisikilizeni, watoto.

Jirani yangu Fermín alikuwa mfanyakazi wa ghala la vitunguu saumu. Ukifika mwezi wa Juni, vitunguu vinapong'olewa mashambani, aliondoka nyumbani kabla ya jua na kurudi jua likiwa limechoka kumsubiri. Mkewe alifanya kazi hotelini huko pwani mpaka majira ya joto yaishe. Nyumbani walibaki watatu: Fermín, binti yake Nieves aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, na baba yake, mzee Eladio.

Kila jioni Fermín alikwenda moja kwa moja bafuni. Alijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikawa nyekundu, kisha akamimina marashi kiganjani na kujipaka mashavuni, shingoni na kifuani. Hayakuwa marashi ya kujivunia. Yaliuzwa dukani kwenye rafu moja na sabuni za kufulia, katika chupa kubwa ya kioo kisicho na rangi. Lakini yalinukia vizuri, siwezi kuyasingizia. Kwanza yalichoma pua kidogo, kama ganda la limau linapokunjwa. Halafu lilikuja povu la sabuni, na shuka lililoanikwa juani, na duka la kinyozi siku ya Jumamosi. Mwanzoni uliyasikia ukiwa bado barabarani. Saa mbili baadaye yalikuwa yamelala kwenye ngozi, na ili uyasikie ilibidi Fermín akukumbatie. Kwenye kola ya shati tu ndiko yalikodumu.

"Hayawezi kumdanganya mtu, shangazi," alikuwa akiniambia. "Lakini yananitosha nile chakula cha jioni kama baba, si kama gunia la vitunguu."

Nieves naye, akitoka shule, aliketi uani na babu yake wakisuka vitunguu kwa mikia yake, mafungu marefu ya kuning'iniza. Harufu iliingia kwenye nywele zake na kwenye sweta yake. Asubuhi moja Leocadia, binti wa mwenye duka la viatu, aliziba pua mbele ya darasa zima.

"Nieves, jana ulilala ndani ya chungu cha supu?"

"Na wewe ulilala ndani ya kiatu cha nani?" Nieves akamjibu.

Watoto walimcheka Leocadia, lakini Nieves aliona kama wanamcheka yeye. Kesho yake, baba akiwa ameshakwenda ghalani, aliingia bafuni akajipaka marashi yale kichwani na kwenye sweta. Mwalimu alipopita karibu yake akasema, "Leo hapa kuna mtu aliyeoga vizuri!" Nieves alikaa wima kama bibi harusi.

Furaha hiyo haikufika mapumziko. Limau lilikimbia, sabuni ikapungua, kitunguu kikarudi kwenye kiti chake.

"Sasa unanuka kitunguu kilichooga," Leocadia akamwambia.

Badala ya kuacha, Nieves akaongeza. Siku iliyofuata akaongeza tena. Angeniuliza mimi ningemwambia kwamba marashi ya namna ile ni kama kumfunika punda kwa shuka safi: shuka utaliona, na punda utamwona vilevile. Lakini hakuniuliza. Ijumaa alitazama chupa akaona imeshuka chini ya nusu. Akaingiwa na hofu, akaipeleka kwenye bomba na kuijaza maji mpaka pale ilipokuwa. Hapo hapo marashi yakageuka meupe kama maziwa. Akafunga chupa, akairudisha mahali pake, akaenda shule.

Weupe ule kila mtu mjini kwetu anaujua. Kuna pombe tamu ya mbegu za anisi ambayo ukiitia maji hugeuka hivyo hivyo, na kwa ajili ya weupe wake tunaiita njiwa. Eladio aliipenda mno zamani, mpaka usiku mmoja wa baridi alipolala kwenye mtaro wa shamba, na Fermín akamkuta akiwa bado anapumua kidogo tu. Tangu hapo hakuigusa. Lakini Fermín alikuwa amemwapia: akimkuta tena na chupa, atampeleka kuishi na Visitación, dada yake Fermín, katika jiji la Albacete, ghorofani. Hakuna ua kule, hakuna kuku, hakuna mtu wa kusuka naye vitunguu. Eladio akitajiwa ngazi zile tu, magoti yalianza kumuuma.

Jioni ile nilikuwa nimewapelekea supu. Tulikuwa mezani, mimi, mzee na mtoto, Fermín alipotoka bafuni bila shati, nywele zikidondosha maji, chupa mkononi.

"Hii ni nini?"

Akaiinua chupa kwenye taa, akatutazama mmoja mmoja.

"Nieves, umegusa chupa yangu?"

"Mimi? Hapana, baba. Sijui."

Fermín akamgeukia mzee. "Baba. Umefikia huku sasa? Kunywa marashi, halafu ukajaza maji?"

Marashi ni sumu, watoto, si kinywaji. Lakini tumewahi kuona mlevi aliyeishia huko, ndiyo maana Fermín hakuwaza jambo jingine.

Eladio alifungua mdomo ili akatae. Kisha akamtazama mjukuu wake. Alikuwa ameketi naye uani wiki nzima, bega kwa bega, akinusa limau na sabuni kwenye sweta ya mtoto. Nilimwona akielewa. Akafunga mdomo, akafuta midomo kwa mkono, akasema, "Ni mimi."

Fermín hakufoka. Afadhali angefoka. Aliketi, mikono ikaning'inia kama si yake.

"Nimechoka, baba. Si kazi, kazi siiogopi. Nimechoka kuingia mlangoni kila jioni nikikunusa, nione kama leo ndiyo ile siku." Akachukua simu. "Visitación atakuja kukuchukua kesho."

"Usipige!" Nieves aliruka, kijiko kikaanguka. "Ni mimi, baba! Nilijipaka kwenda nayo shule, yakapungua, nikatia maji!"

"Usimtetee babu yako. Sasa hivi umeniambia hujui."

"Nilidanganya!"

"Basi nitajuaje kama hudanganyi sasa?"

Mtoto akanigeukia machozi yakimtiririka. "Bibi Casilda, mwambie!"

"Nimwambie nini, mjukuu wangu? Mimi sikuwepo bafuni," nikasema. "Uliposema hujui, babu yako aliuokota uongo wako akaubeba. Sasa uko mgongoni kwake na neno moja halitoshi kuushusha. Hata uongo mdogo una tabia hiyo, hutafuta mtu mwingine wa kuubeba, na mara nyingi ni yule anayekupenda. Siku nyingine sema kweli mapema, kabla hajautwaa mtu."

Nieves aliinamisha kichwa. Simu ilikuwa imeanza kuita upande wa pili. Nikamgeukia Eladio.

"Haya, mlevi wetu. Hebu tuambie, yalikuwa na ladha gani?"

"Nani, mimi?"

"Kuna mlevi mwingine hapa?"

Eladio akavuta pumzi, akanyanyua kidevu kama shahidi mahakamani. "Matamu. Matamu kama njiwa ya siku zile."

Fermín akaikata simu.

"Matamu?"

"Sana."

"Baba, kila jioni yananigusa midomo nikijipaka. Ni machungu kama nyongo. Nikitema, natema mara tatu."

Mzee Eladio alichukua kipande cha mkate, akakigeuza upande huu na upande ule. Masikio yake yalikuwa yamewiva kama nyanya.

"Labda," akasema, "mimi nilinywea upande wenye sukari."