Masafa Yaliyodhaniwa Kimya

Maiti ililala chini ya mlingoti wa antena, uso kwenye majani makavu, mkanda wa kupandia ukiwa kiunoni. Mtu yeyote angesema ameanguka.

Inspekta Zéphirin Kalaba alichuchumaa, akaifunua mikono ya marehemu. Mlingoti ule ulikuwa na kutu toka chini hadi juu. Yeye mwenyewe alikuwa ameugusa mara moja tu, na kiganja chake kimekuwa chekundu. Viganja vya maiti vilikuwa safi.

"Huyu hakupanda," alimwambia daktari wa polisi.

"Wala hakuanguka. Fuvu limepasuka nyuma ya sikio la kushoto. Pigo moja, chuma kizito. Na tazama hapa."

Bega la koti lilikuwa na matundu madogo, kitambaa kimeliwa.

"Asidi ya betri," alisema daktari.

Hapo nje hapakuwa na betri. Kalaba aliinua macho akalitazama ghala.

Ilikuwa Juni 1961, wakati wa baridi, na Katanga ilikuwa inakaribia kutimiza mwaka tangu ijitenge na Kongo. Ghala lilikuwa mali ya kampuni ya Verlinden, upande wa Karavia, pembeni mwa mji. Wenyewe Wazungu walikimbia Julai iliyopita wakaacha kila kitu. Marehemu alikuwa Floribert Numbi, mkaguzi wa vibali vya redio.

Mkuu wa Numbi ofisini, Bwana Adrien, alimpokea Kalaba akiwa amesimama.

"Kazi ya Numbi ilikuwa gani hasa?"

"Kuna masafa mengi yenye kibali lakini hayatumiki, Inspekta. Wenye vibali walikimbia. Numbi alikuwa anasikiliza kila masafa wiki tatu. Yakiwa kimya, serikali inayachukua. Jeshi linayahitaji."

"Na ya Verlinden?"

"Kibali kinasema saa kumi alasiri, kila siku, wazungumze na ghala lao la Gandajika, huko Kasai. Saa kumi hapakuwa na kitu. Jana akaenda ghalani, Karavia."

"Kuchukua mashine?"

"Hakusema. Aliniambia tu anataka kumwona mlinzi."

Mlinzi alikuwa Baba Stanislas, Muluba wa Kasai, kabila lililokuwa likisakwa Katanga mwaka ule, mzee wa miaka sitini. Alikuwa fundi wa redio wa Verlinden tangu kabla ya vita vya Wazungu. Chumba chake cha redio kilikuwa nyuma ya ghala, na sakafu ilikuwa bado mbichi kwa maji.

"Jana ulimwona mkaguzi?"

"Hapana, Inspekta. Mi nilikuwa ku soko."

"Nani amekosha sakafu hii?"

"Ni mimi. Kulikuwa vumbi."

"Betri zimejaa. Kampuni haipo, Baba. Unamjazia nani?"

Kalaba aliinama kwenye jenereta ya mkono iliyozijaza. Tundu la mpini lilikuwa tupu.

"Mpini uko wapi?"

"Ulipotea."

"Lini?"

"Zamani."

"Na betri zilijaaje?"

Kalaba hakumsukuma zaidi. Aliweka askari mlangoni, akaamuru choo cha shimo kilicho nyuma ya ghala kipekuliwe, halafu akaenda mtaa wa Katuba kwa mke wa marehemu.

Virginie alikuwa amekaa chini kati ya wanawake wa mtaa. Binti zake wawili walimwegemea, mmoja kila upande. Kalaba alitoa pole, akaandika majina ya watoto kwa ajili ya jalada, moja la Kizungu na moja la Kiluba, kisha akauliza kama mume wake alikuwa na adui.

"Floribert? Hapana. Ule alikuwa na redio tu. Alileta mashine hapa nyumbani, ananiamsha kila asubuhi, jua halijatoka. Nikamuuliza, kazi gani hii ya kusikiliza bantu wakati bamelala? Akasema kibali kinasema saa kumi, lakini bantu habaishi kwa kibali."

Alimpa daftari. Kalaba alilisoma akiwa amesimama mlangoni, halafu akalisoma tena.

*Verlinden. Saa kumi na mbili asubuhi. Mwanamke. Anaita: Baba, Baba Stanislas. Dakika nane. Hakuna anayejibu.*

Siku kumi na moja mfululizo, maneno yale yale. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu: *Masafa yanatumika. Yasichukuliwe. Kumwambia mzee.*

"Jana aliondoka na furaha," alisema Virginie. "Akanakili maneno haya ku karatasi, akaweka mu mufuko wake. Akasema leo nitamupatia muntu mutoto wake."

Kalaba alirudi Karavia akiendesha polepole. Askari walikuwa wamekwisha kuopoa mpini wa chuma kutoka chooni, umefungwa gunia. Aliuweka mezani mbele ya mzee.

"Sema, Baba."

Baba Stanislas aliusukuma pembeni.

"Niko na mutoto mumoja, Inspekta. Clotilde. Bwana yake alikuwa mlinzi wa ghala la Gandajika. Barua hazipiti tena, treni hazipiti. Kila siku saa kumi alikuwa ananiita ku redio, tunasalimiana. Mwezi wa tatu akanyamaza. Vita iko kule, njaa iko kule. Mi nikaendelea kujaza betri. Kila siku saa kumi ninakaa hapa."

"Na jana?"

"Akaingia na karatasi za serikali. Akasema, Baba, nimesikiliza wiki tatu, saa kumi hakuna muntu. Mi nikasikia anasema mutoto wangu amekufa. Nikasikia atachukua mashine. Mpini ulikuwa mu mukono. Alikuwa ameinama anafungua mufuko wake."

"Alikuwa anatoa nini?"

"Sijui. Koleo, nilifikiri. Ya kukata waya."

"Ukamvuta mpaka mlingotini."

"Nikamuvalisha mukanda. Niliogopa. Muluba wa Kasai ameua muntu wa serikali, mu mwaka huu! Bataua bantu bote ba mu avenue yetu."

Kalaba alikuwa amesikia maungamo mengi katika miaka kumi na minne ya kazi, na baada ya kila moja aliona mzigo umeshuka. Huu haukushuka. Angeweza kulifunga daftari ndani ya jalada, na mzee asingejua kamwe. Alilifungua, akalisogeza mezani.

Baba Stanislas alisoma kwa kidole. Kidole kilifika kwenye wino mwekundu kikasimama. Hakulia.

"Alikuwa anafungua mufuko," alisema, "anipatie maneno haya."

Asubuhi yake, kabla ya kumpeleka gerezani, Kalaba alimleta kwenye chumba cha redio. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Saa kumi na mbili kamili mashine ilikoroma, na sauti ya mwanamke ikatoka, nyembamba, imechoka kuita.

"Baba. Baba Stanislas."

Mzee alibonyeza kitufe. "Niko, Clotilde."

Kukawa kilio, halafu maneno yakimwagika pamoja. Saa kumi askari wanakuwa ghalani, alisema. Masista wa misheni wanaogawa chakula humo wanamwacha aingie asubuhi tu, kabla ya misa. Hakuwa na njia ya kumjulisha. Mtoto wake anatembea sasa. Ameita miezi mitatu. "Ulikuwa wapi, Baba?"

"Mutoto wangu, sikiliza. Kuna muntu alikusikia. Alikuja kunielezea saa yako. Mi sikumuacha amalize kusema. Nimemuua."

Mashine ilivuma. Kalaba alidhani mawasiliano yamekatika.

"Alikuwa na batoto?" aliuliza Clotilde.

Kalaba aliinua vidole viwili mbele ya mzee. "Babili."

"Majina yabo?"

Mzee hakuyajua. Alimtazama tena Inspekta, kidole kikiwa bado juu ya kitufe.

Kalaba alivua kofia. Aliinama kwenye kipaza sauti, akayatamka polepole ili yafike Kasai.

"Julienne," alisema. "Na Mujinga."