Kipimo cha Nadine

Foleni ya mikate ya soseji kwenye uwanja wa mbio za magari wa Cedar Fork, nje kidogo ya Danville, haikuwa ikisogea Jumamosi ile. Nadine Stallings alikuwa amekuja mbio kutoka duka lake la ushonaji, akiwa na gauni la kijani alilolishona mwenyewe, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Kando ya foleni lilisimama gari la mbio, namba 27. Akalitazama, akaacha foleni, akachutama. Akazungusha tepu kwenye tairi la kulia, kisha la kushoto.

"Kaka," akamwambia mwanamume mwenye ovaroli nyekundu aliyekuwa kando ya gari, "wamekupunja. Hili la kulia limezidi inchi mbili."

Wendell Hargrove, aliyekuwa amekimbiza magari kwenye viwanja vidogo vya Virginia kwa miaka kumi na moja, alimtazama huyu fundi cherehani aliyepiga magoti kwenye vumbi.

"Ndivyo tunavyotaka, dada. Hapa tunakata kushoto tu. Tairi la kulia likiwa kubwa, gari linapinda kushoto lenyewe."

"Na ukitaka kwenda kulia?"

"Kulia kuna ukuta."

Nadine hakucheka. Aliuliza maswali mengine tisa, na mkate hakula. Kufikia Julai yeye ndiye aliyepima matairi ya namba 27 kila Jumamosi, na Wendell alikuwa ameshinda mara nne.

Wakati wa mbio Nadine alikaa jukwaani na visikilizio vya kunasa redio za madereva masikioni, kama watazamaji wengine, akimsikia Wendell akizungumza redioni na nduguye Royce, aliyemwongoza kutoka juu ya paa la jukwaa.

"Usiamini kila unachosikia, mpenzi," Wendell alimwonya. "Wapinzani nao wanasikiliza. Nikisema breki zimekufa, jua ni nzima."

Jumatano moja Nadine alimpigia simu. "Umeiona kastabini yangu? Kile kikofia cha chuma ninachovaa kidoleni nisichomwe na sindano."

"Labda paka kaimeza."

"Sina paka, Wendell."

"Ndiyo maana hukumshuku."

Septemba timu moja ya Carolina, kusini mwa Virginia, ilimpigia Wendell simu aende kuiendeshea msimu mzima. Alikuwa akiingoja simu hiyo tangu ujana. Jumamosi iliyofuata, bendera ya njano ilipowapunguza mwendo, Royce alianza utani redioni: "Vipi bwana, Carolina unakwenda na Nadine?"

"Nadine gani? Yule ananipimia matairi tu."

Jukwaa zima lilisikia. Wanawake wawili waligeuka kumtazama. Nadine alivua visikilizio, akaviweka taratibu juu ya benchi, akaenda zake.

Siku nne hakupokea simu. Siku ya tano Wendell aliingia dukani, shati jeupe limenyooshwa, nywele zimechanwa kwa maji.

"Duka limefungwa," alisema Nadine, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Nilidanganya redioni."

"Kumdanganya nani? Mimi si mpinzani wako."

"Wewe ndiye uliyekuwa ukisikiliza. Royce alikuwa karibu kuitoa siri, nikamkata kauli. Nilikata vibaya."

Cherehani ikanyamaza. Nadine alikuwa na hasira bado, lakini tangu utotoni hakuweza kuiacha siri ipite. "Siri gani?"

Wendell alitoa kastabini mfukoni, akaiweka juu ya kitambaa. Kando yake akaweka pete.

"Sonara alitaka kipimo cha kidole chako, nikampelekea hii kastabini. Sikutaka kukuuliza, ungeuliza maswali mengine tisa. Naondoka Jumatatu, Nadine. Sitaki kwenda peke yangu."

Aliichukua pete, akaijaribu. Ikakwama kwenye fundo la kidole. Akasukuma. Ikagoma.

"Wendell. Kastabini huvaliwa wapi?"

"Kidoleni."

"Kwenye ncha. Miaka kumi na moja unapima matairi hadi robo inchi, na hukuliona hili?"

Masikio ya dereva yule yaliiva. Hapo ndipo Nadine alipocheka, akacheka hadi akajifuta macho kwa pindo la gauni.

"Carolina kuna mafundi cherehani?"

"Sijui. Sikuuliza."

"Unaona sasa."

Akavua tepu shingoni, akaizungusha kwenye kidole chake cha pete, chini kabisa, akasoma. Kisha akaukamata mkono wa Wendell, akaufungua, na kwa chaki ya kushonea akaandika namba ile katikati ya kiganja.

"Mpelekee sonara," alisema. "Na usinawe njiani."