Mume Wangu Alinyamaza, Mashine Yangu Ikahukumiwa

Nina miaka thelathini na nane, mwalimu wa fizikia, mzaliwa wa Moshi. Kazi ilinileta Kigoma, nikaolewa na Hamisi wa Ujiji, dereva wa lori la maji. Ndugu wasomaji, nisikilizeni ninyi, maana huku mtaani hakuna anayetaka!

Kila mtu ana burudani yake. Yangu ilikuwa spektromita, kimashine cha kupima mionzi nilichokiunga mwenyewe nyumbani, Katubuka. Huchora vilima kwenye kompyuta, na kila chenye mionzi kina kilima chake. Ili kimashine kisidanganye, unakirekebisha kwanza kwa kitu unachokijua. Mimi nilitumia tambi kuukuu za taa za karabai nilizopewa na wavuvi wa dagaa wa Mwamgongo. Tambi hizo hutoa mionzi, ila ni kidogo mno, haidhuru mtu. Hamisi alinitania, “Wenzako wanakusanya vitenge, wewe tambi!”

Warundi walikuwa wakiingia kwa wingi wakikimbia machafuko kwao. Hamisi akaniaga kwamba anapeleka maji kambini kwa wiki nzima. Aliporudi... hakuwa mume wangu tena! Alilala sebuleni. Binti yetu Nuru akimkimbilia, anamsukuma. Nililia sana. Nikajua kapata mwingine huko kambini.

Nikajifariji na mashine yangu, nako balaa! Kilima nisichokijua kilichomoza kati ya vile vya tambi. Nikadhani nimekosea kurekebisha. Nikarudia, nikarudia tena, nikazitoa tambi nje... kipo! Mwisho nikagundua kwamba Hamisi akienda msikitini kinashuka, akirudi kinapanda.

Nikatafuta ni kilima cha nini. Iodini! Dawa ya mionzi wanayopewa wagonjwa wa saratani ya tezi ya shingo. Kumbe hakwenda kambini, alikwenda hospitali Dar es Salaam, inakotolewa dawa hiyo. Alimsukuma mtoto kwa sababu alikatazwa kumkaribia.

Nilipombana, alilia. Mama yake alijua, dada zake walijua, mimi tu ndiye sikuambiwa. “Mama alisema ukijua utambeba Nuru urudi kwenu,” akaniambia. Akaniapisha nisimwambie yeyote kwamba najua. Nikaapa... ningefanyaje? Nikawa mfungwa ndani ya nyumba yangu. Nampa mama mkwe shikamoo, ananificha, nami najifanya sijui!

Ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Ukoo ukakutana Ujiji, mama mkwe akaninyooshea kidole. “Wewe na mashine yako! Umemlisha mwanangu sumu!”

Mimi nilikuwa nimeapa, nikamtazama Hamisi. Aliniambia mwenyewe kwamba alianza kuumwa kabla sijakiunga kile kimashine. Neno moja tu lingeniokoa! Lakini angesema, angemuumbua mama yake mbele ya wazee, kwamba alijua siku zote akaficha. Akainamisha kichwa.

Alifariki bila kulisema. Eda ilipoisha, wakamchukua Nuru wangu, eti nyumba yangu ina sumu. Nimelalamika kwa wakubwa wa mtaa, nao wanaogopa hata kuingia kwangu. Niondoke Kigoma, nimwache mwanangu? Nikae, nimtazame kwa mbali?

Juzi nilimkuta sokoni na shangazi yake. Nikamfungulia mikono. Akarudi nyuma, akasema, “Mama usinishike, nitaumwa.”

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwangu kiliniumbua mimi niliyefichwa! Jamani, ukiugua mwambie mwenzio kwa kinywa chako. Na wewe unayeombwa kuapa kwamba utanyamaza, usiape, hata kama anayekuomba analia. Yeye atakwenda zake, na wewe utabaki hapo bila shahidi.