Saini Yake Chini ya Gati Letu

— Saini ya nani hii?

Nilimwekea karatasi juu ya ubao wa mawimbi niliokuwa naupiga msasa. Mchumba wangu, mhandisi wa halmashauri, hakuigusa.

— Yangu.

— Umesaini gati letu libomolewe?

— Ndiyo.

Mji wetu ni gati na mawimbi. Hapa hatukuulizi ukoo, tunakuuliza, "Umesharuka?" Ukiruka na ubao wako kutoka mwisho wa gati, ukaibuka ng'ambo ya mawimbi, wewe ni wa hapa. Babu aliruka, baba akaruka, mimi nachonga mbao zenyewe. Yeye, miaka minne tangu ahamie hapa, bado. Hasira ikanituma nikasema neno linalonichoma mpaka leo:

— Uchungu wa gati utaujulia wapi? Hujaruka. Mgeni tu wewe.

Akavua pete, akaiacha kwenye vumbi la msasa, akatoka.

Siku tatu hakupokea simu. Ya nne ikaingia meseji: "Nguzo ya tisa imeoza. Nenda asubuhi uone nani anakaa juu yake."

Nikaenda. Kwenye benchi lililo juu ya nguzo hiyo alikuwa mama yangu, amekuja kunitazama nikiteleza mawimbini, kama kila siku.

— Mama, inuka hapo!

— Makelele ya nini? Mkwe wangu kanihamisha mara mbili. Mkaidi ni mimi.

Nikampigia palepale.

— Mbona hukuniambia?

— Ungeuliza kwa nini, ningekwambia. Uliuliza saini ya nani.

— Nimekosa, mke wangu. Nisamehe.

— Mke wako? Na pete iko vumbini?

— Nimeshaipepeta.

Akacheka, huku analia. Nami vilevile.

Gati lilipobomolewa nililia hadharani, wala sioni haya. Mwaka uliofuata likasimama jipya, la zege, mchoro wake yeye. Siku ya kulifungua, watu wakabishana nani aruke kwanza. Mama akakata maneno:

— Mkwe wangu.

Nilikuwa nimemchongea ubao. Katikati nilipitisha ukanda mwembamba wa mbao ya gati la zamani, ile iliyokuwa bado nzima. Nikaingia majini kutokea ufukweni, nikamsubiri.

Akaruka. Akaibuka anakohoa maji, kashikilia ubao kwa mikono miwili.

— Haya, mimi wa wapi?

— Wa hapa.

— Sema kwa sauti, mama asikie.

— WA HAPA!

Akanitazama, akatabasamu.

— Na wewe kwenye gati hili hujaruka bado. Panda juu, mgeni. Nakungoja.