Walimwogesha Kabla Sijafika

Nina miaka sitini na tisa. Kabla vita havijatutoa Bukavu nilikuwa muuguzi, na hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, watu bado wananiita Mama Muganga, yaani mama tabibu. Namshukuru Mungu kwa kila siku aliyonipa. Lakini ipo moja ninayoiungama leo...

Neema, mwimbaji wa kwaya yetu, alikuwa na siku sita tangu ajifungue. Asubuhi mama yake akaniita: binti yake alikuwa ametetemeka usiku kucha. Nilikwenda na mjukuu wangu Riziki, anayesomea uuguzi Lilongwe.

Kwetu mgeni wa heshima hapokelewi kwenye uchafu. Basi, kabla sijafika, wamama wa kanisa walimwogesha Neema kwa maji baridi, wakabadili vitambaa vyake, wakampa panado mbili ili atulie mbele yangu. Haya niliyajua baadaye. Kwa nini sikuuliza?

Nilimkuta ameketi, amevaa kitenge kipya, anajaribu kutabasamu. Nikampima joto. Lilikuwa la kawaida.

"Hakuna homa," nikasema. "Ni uchovu tu. Tumushukuru Mungu."

Riziki alikuwa ameshika mkono wa mgonjwa, macho yake kwenye saa.

"Koko, mapigo iko inakimbia sana. Na anapumua mbio, kama mutu mwenye anapanda mulima. Tuulize kwanza, alikunywa dawa gani?"

"We mutoto, hiyo saa yako ya Lilongwe njo inakimbia."

Wamama wakacheka. Riziki akainamisha kichwa. Nani amkosoe bibi yake mbele ya watu?

Nikafumba macho, nikaanza kuomba. Katikati ya maneno yangu niliisikia pumzi ya Neema, fupi fupi, ikinikatiza. Niliisikia... nikapandisha sauti.

Alasiri panado ikaisha nguvu. Homa ikapanda, na Neema akaanza kuzungumza na marehemu baba yake. Gari tulilipata kwa shida. Hospitalini Lilongwe daktari aliuliza swali lilelile la Riziki, na mama yake Neema akamjibu yote, mbele yangu. Maambukizi ya kizazi yalikuwa yameingia kwenye damu. Kesho yake Neema akafariki.

Kwenye msiba mama yake alinishika mikono: "Aksanti kwa maombi yako, Mama Muganga." Ningeweza kunyamaza. Nilimwambia kila kitu: kwamba pumzi ya binti yake niliisikia, nikapandisha sauti. Aliachia mikono yangu taratibu, akaenda kumchukua mtoto aliyekuwa analia. Mpaka leo hunisalimia, lakini hajaniita tena Mama Muganga.

Mungu amenisamehe, naamini. Nyinyi wauguzi, msikiamini kipimo kimoja tu kwa sababu kimewapendeza. Ulizeni mgonjwa alifanyiwa nini kabla hamjafika. Msikilizeni mdogo anayesema ameona jambo. Na ukisikia pumzi inaikatiza sala yako, usipandishe sauti. Nyamaza, uihesabu.